Pilipili Kichaa, Pilipili Mbuzi, Bhut Jolokia au Carolina Reaper: Ipi Inafaa Kupandwa Nyumbani?

Mtu anayetaka kupanda pilipili kali nyumbani kwake huanza, kwa kawaida, na swali la ukali: ipi inawasha kuliko zote? Baada ya kulima aina nne katika ua wangu hapa Tanga, nyingine ardhini na nyingine katika ndoo za lita 20, nimeamini kwamba swali hilo lapaswa kuja mwisho. La kwanza ni jiko lako litaifanyia nini pilipili hiyo, la pili ni ua wako una joto, maji na nafasi kiasi gani, na baada ya hapo ndipo ukali upewe nafasi yake. Aina ninazozilinganisha ni pilipili kichaa na pilipili mbuzi, ambazo hazikosekani katika soko lolote la pwani, pamoja na Bhut Jolokia ya kaskazini mashariki mwa India na Carolina Reaper ya Marekani, ambazo siku hizi vijana wengi wanazitafutia mbegu.

Majina yawekwe sawa kwanza, kwa sababu yamewahi kuwapotosha wanunuzi wengi. Pilipili kichaa ni ile ndogo, nyembamba, inayosimama juu ya tawi ncha ikitazama mbinguni. Pilipili mbuzi ni ile ya mviringo yenye mikunjo kama taa iliyobonyea, ya kijani, njano au nyekundu, yenye harufu inayojaza nyumba mara tu inapokatwa. Neno "hoho" ni la kuangaliwa: bara humaanisha pilipili tamu kubwa ambayo Unguja huitwa pilipili boga, ilhali wazee wengi wa pwani wakisema pilipili hoho humaanisha pilipili inayowasha. Ukimwagiza mtu mbegu, mweleze umbo la tunda, usitaje jina tu.

Ukali wenyewe

Ukali hupimwa kwa vizio vya Scoville, vilivyopewa jina la Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani aliyebuni kipimo chake mwaka 1912. Yeye aliizimua dondoo ya pilipili kwa maji ya sukari hadi waonjaji walipoacha kuhisi muwasho, na kiasi cha kuzimua kilichohitajika ndicho kikawa kipimo. Leo mitambo ya maabara hupima kapsaisini iliyomo, yaani kemikali inayoipa pilipili muwasho, kisha hesabu ikageuzwa kuwa vizio hivyo hivyo. Pilipili kichaa kwa kawaida huwa kati ya 50,000 na 100,000, na nyingine huzidi hapo. Jamii ya pilipili mbuzi huwa kati ya 100,000 na 350,000. Bhut Jolokia ilitambuliwa na Guinness World Records mwaka 2007 kuwa kali kuliko zote duniani kwa vizio 1,001,304. Carolina Reaper ilishika nafasi hiyo mwaka 2013, na vipimo vya mwaka 2017 vikaipa wastani wa 1,641,183. Mwaka 2023 Pepper X, iliyozalishwa na Ed Currie wa South Carolina ambaye ndiye pia aliyeizalisha Reaper, iliipita kwa 2,693,000, lakini mbegu zake haziuzwi, kwa hiyo haimo katika uchaguzi wetu.

Takwimu hizi zinashangaza watu wa pwani katika jambo moja, kwamba pilipili mbuzi imezidi kichaa kwa ukali. Wengi huapa kuwa ni kinyume, na nadhani naelewa sababu: kichaa hutafunwa nzima au hutwangwa pamoja na kila kitu kilichomo, na muwasho wake hupiga papo hapo, ilhali mbuzi mara nyingi huingia chunguni nzima bila kupasuliwa. Ukali haumo hasa katika mbegu kama inavyosemwa, bali katika utando mweupe unaozishikilia mbegu hizo, na tunda lisilopasuliwa huufunga utando huo ndani. Ukiwalinganisha wawili hawa kwa haki, pasua vyote viwili.

Tena ukali si ladha. Kapsaisini hukishika kipokezi kile kile cha neva kinachoutaarifu mwili kuwa umeguswa na moto, ugunduzi ambao ulichangia mwanasayansi wa Marekani David Julius kupewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Ndiyo maana Reaper haina "ladha kali zaidi" kuliko mbuzi. Ina maumivu zaidi, na ladha iliyo chini ya maumivu hayo inakaribiana sana na ya mbuzi, kwa kuwa zote mbili ni za spishi moja, *Capsicum chinense*. Ndege hawauhisi muwasho huo kabisa, na hili lina maana ya moja kwa moja uani: kuku wa kienyeji atazidonoa pilipili zako, hata Reaper, bila kutikisika. Kichaa humea chini ya miembe na kando ya nyua bila kupandwa na mtu kwa sababu hiyo hiyo, ndege wakiwa ndio wapandaji.

Jikoni

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie kabla ya kununua mbegu.

Pilipili kichaa ni ya kila siku. Hutwangwa na chumvi ikakamuliwa ndimu, huingia katika kachumbari na supu ya pweza, na nyama yake nyembamba huiwezesha kukauka juani kwa siku chache, kisha ikasagwa na kukaa kopo zima mwaka mzima bila kuota ukungu. Haina harufu ya kujivunia. Kazi yake ni muwasho safi, wa haraka.

Pilipili mbuzi ni kitu kingine. Harufu yake, inayofanana na matunda yaliyoiva, ndiyo inayoutambulisha mchuzi wa samaki wa nazi na maharage ya nazi ya pwani, na njia ya wapishi wetu ya kuiweka nzima juu ya chungu kinachotokota, ili itoe harufu bila kutoa moto, kisha kila anayetaka ukali aiminye katika sahani yake, ni ufundi ambao hakuna aina nyingine kati ya hizi inayoustahili kama hiyo. Udhaifu wake ni kwamba nyama yake ina maji mengi: ukiianika juani wakati hewa ni nzito itaoza kabla haijakauka, hivyo akiba yake ni ya siki, ya achari au ya jokofu.

Bhut Jolokia katika majimbo ya Assam na Nagaland huingia katika achari na katika vitoweo vya nyama na samaki, na huko pia hukaushwa. Ina moshimoshi kidogo katika ladha ikikauka, jambo ninalolipenda. Carolina Reaper, kwa upande wake, sijaipatia nafasi ya kila siku jikoni pamoja na kuijaribu kwa misimu miwili. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha sufuria ya familia, na mche mmoja uliostawi hutoa matunda mengi mno kuliko familia inavyoweza kula. Majirani huchukua moja kwa ajili ya kushangaa, hawarudi kuchukua la pili. Matumizi yake ya kweli ni unga wa kuchanganya kwa uchache na mafuta ya pilipili ya kudondosha tone kwa tone, kama yale ya Akabanga ya Rwanda, ingawa hata hayo hutengenezwa kwa pilipili za jamii ya mbuzi.

Kuhusu mafuta, neno moja la lazima: pilipili mbichi isizamishwe katika mafuta ikaachwa kabatini. Maji yaliyomo katika tunda, yakifunikwa na mafuta pasipo hewa, huwapa nafasi bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huua. Ikaushwe kabisa kwanza, au chupa ikae kwenye jokofu na itumike kwa siku chache tu.

Kitaluni

Kichaa na mbuzi huanzia kwenye tunda lililoiva vizuri kutoka sokoni, ambalo mbegu zake hutolewa, zikaanikwa kivulini na kusiwa. Iwapo tunda lilitokana na mbegu chotara za dukani, watoto hawatafanana na mama, na hilo ni la kuvumilia. Bhut Jolokia na Reaper ni gharama na hadhari zaidi, kwani mbegu nyingi zinazouzwa kwa majina hayo si zenyewe. Ukiona tunda la "Reaper" ni laini, refu, lisilo na mkia mfupi uliochongoka kama mwiba wa nge, umeuziwa kitu kingine. Anayeagiza kutoka nje ya nchi ajue pia kuwa mbegu huhitaji kibali cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na mamlaka za serikali za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, na kwamba utaratibu huo upo ili magonjwa ya mashamba ya wengine yasiingie katika yetu.

Subira ndiyo inayozitenganisha aina hizi kuliko kitu kingine. Mbegu mpya za mbuzi, zikilowekwa usiku kucha katika maji ya uvuguvugu na kufukiwa kina cha nusu sentimita, huchomoza katika wiki mbili hivi udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Kichaa huweza kuchukua wiki tatu. Bhut Jolokia na Reaper huchukua kuanzia wiki mbili hadi tano, pengine zaidi, tena bila usawa: mmoja leo, mwingine baada ya siku kumi. Mara ya kwanza niliumwaga udongo wa trei siku ya ishirini na tano nikidhani mbegu zimekufa, na wiki mbili baadaye miche mitatu ikachomoza pale pale nilipoumwaga, chini ya mpapai. Tangu hapo sigusi trei ya aina hizo kabla ya siku arobaini na tano, ila huhakikisha udongo una unyevu bila kurowa, kwa kuwa udongo uliorowa huleta kinyausi kinachoangusha miche shingoni.

Uani

Zote nne zinataka jua la saa sita au zaidi, udongo tifutifu usiotuamisha maji, mboji ya kutosha na matandazo ya nyasi kavu. Tofauti iko katika kiasi cha mapuuza kila moja inachokivumilia.

Kichaa huvumilia mengi. Mche wangu wa zamani kuliko yote una mwaka wa tatu sasa, umefika kifuani, hupogolewa kila baada ya masika, na umekaa wiki mbili bila maji nilipokuwa safarini ukanyauka na kurudi. Kwa nafasi unahitaji kama sentimita 75 kila upande. Mbuzi ni mfupi, nusu mita hadi karibu mita, na ndiyo aina inayoikubali ndoo kwa moyo wote: ndoo ya lita 15 iliyotobolewa chini, kokoto kidogo, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na familia ina pilipili. Lakini haipendi kukaushwa na kurowa kwa zamu. Maji yakija bila mpangilio, mmea hushindwa kupeleka kalisi kwenye tunda na kitako cha tunda huoza kwa doa jeusi, watu wakadhani ni ugonjwa wakanunua dawa bure.

Bhut Jolokia na Reaper hutaka ndoo isiyopungua lita 20, mti wa kuegemea kwa sababu matawi huvunjika kwa uzito wa matunda, na zaidi ya yote hutaka hali ya hewa wanayoipenda wao. Maua yake ni mepesi kudondoka. Mchana ukizidi nyuzi 33 au hivi na usiku ukabaki na joto, kama ilivyo pwani Januari na Februari, mti hujaa maua leo na kesho yako chini. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, kama Lushoto au Njombe mwezi wa sita na wa saba, hali ni ile ile. Mbuzi nayo hudondosha, lakini kwa kiasi. Kichaa ndiyo inayojali kidogo kuliko zote. Kosa lingine linaloziumiza hizi mbili za ugenini ni samadi nyingi au urea: mti hunawiri majani mapana ya kijani kibichi, na tunda halionekani.

Kwa hiyo kalenda inakuwa sehemu ya uchaguzi. Pwani, mimi husia aina za ukali mkubwa Februari chini ya paa, nikapandikiza Mei mvua za masika zinapopungua, ili maua yaangukie miezi ya kipupwe na matunda yaive Agosti hadi Oktoba, kwani kutoka kupandikizwa hadi tunda kuiva ni siku 90 hadi 120. Anayeishi nyanda za juu afanye karibu kinyume chake: asie Agosti baada ya baridi kali kupita, apate matunda kuanzia Januari. Kwa kichaa kalenda hii si lazima. Ipande wakati wowote unapokuwa na mche.

Wadudu hawabagui. Vidukari, vithiripi, inzi weupe na utitiri hushambulia zote, na majani yakijikunja kwenda juu au chini, geuza jani uangalie upande wa chini kabla ya kunyunyiza chochote; maji ya sabuni jioni, yakirudiwa kila baada ya siku nne au tano, yamenitosha mara nyingi. Mche wenye majani yenye mabaka ya njano na yaliyodumaa huenda una virusi, na hauponi, ng'oa. Mnyauko wa bakteria, ambao huuangusha mti ghafla ungali kijani, hubaki udongoni, kwa hiyo usipande pilipili palipokuwa na nyanya, bilinganya au viazi mviringo vilivyonyauka. Hapa aina za ugenini zina hasara moja ya wazi: zinakaa miezi mingi zaidi kabla ya kukulipa, na kila mwezi wa ziada ni nafasi ya ziada kwa wadudu.

Watoto, mikono na macho

Nyumba yenye watoto wadogo isipande Reaper wala Bhut Jolokia mahali mkono wa mtoto unapofika, na kwa maoni yangu isizipande kabisa. Matunda yake mekundu yanavutia, na kapsaisini yake ikigusa jicho la mtoto ni kilio cha saa nzima. Hata kwa mtu mzima si mchezo: mwaka 2018 jarida la *BMJ Case Reports* lilichapisha habari ya mwanamume aliyekula Reaper moja kwenye mashindano nchini Marekani akapata maumivu makali ya ghafla ya kichwa, na madaktari wakakuta mishipa ya damu ya ubongo imebana kwa muda. Mashindano ya kutafuna pilipili hizi mitaani yakomeshwe.

Vaa glavu unapovuna na kukata. Ukishika bila glavu, pakaa mafuta ya kupikia mikononi kwanza, futa, kisha nawa kwa sabuni, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta wala si katika maji. Mdomo ukiwaka, maziwa au mtindi husaidia. Maji huueneza moto tu. Kukaanga au kukausha aina hizi ndani ya nyumba kutawatoa watu wote nje wakikohoa, hivyo jiko la mkaa liwekwe uani.

Ningechagua ipi

Mwenye nafasi ya mche mmoja tu, hasa aliye pwani na anayepika nazi, napendekeza pilipili mbuzi ndani ya ndoo. Ukali wake unazidi mahitaji ya karibu kila nyumba, na hakuna nyingine inayoongeza kitu katika chakula chenyewe kama hiyo. Mwenye kipande cha ardhi na asiye na muda wa kumwagilia kila siku apande kichaa, tena aipande pembeni ambako itakaa miaka. Mwenye nafasi ya mbili apande hizo mbili wala asitafute ya tatu.

Aliye na hamu ya kweli ya pilipili ya ukali wa kupindukia, mwenye kipato kidogo cha achari au unga wa pilipili, namshauri Bhut Jolokia kabla ya Reaper. Ngozi yake ni nyembamba, hukauka kwa urahisi zaidi, na tunda lake refu husafishika utando kirahisi kuliko lile la Reaper lililojikunjakunja. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha pia kuwa ndani yake mna damu ya *Capsicum frutescens*, spishi ya kichaa wetu, juu ya asili yake kuu ya *chinense*, na katika ua wangu imestahimili kidogo zaidi ya Reaper, ijapokuwa ua mmoja si ushahidi wa nchi nzima. Reaper nimwachie yule anayelima kwa ajili ya kuona mmea huo kwa macho yake, maana kama mmea wa kutazama, unapobeba matunda mekundu yenye mikia, ni mzuri kweli.

Kwa mkulima jirani na hifadhi anayetaka pilipili ya kuzuia tembo, wale wanaopaka kamba za uzio oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, kichaa ndiyo jibu. Huko kinachohitajika ni magunia, na kichaa huzaa kwa wingi, hukauka haraka na mbegu yake ni bure.

Anayepanda zaidi ya aina moja na kutaka kuhifadhi mbegu ajue kuwa nyuki huchanganya chavua, na spishi hizi mbili, *chinense* na *frutescens*, huweza kuzaliana. Tunda la mwaka huu halibadiliki, mbuzi itabaki mbuzi. Lakini mche utakaotokana na mbegu yake unaweza kuwa na ukali ambao hukuutarajia chunguni. Chagua tawi moja lenye machipukizi ya maua yasiyofunguka, lifunike kwa kipande cha chandarua, litikise kwa kidole kila asubuhi maua yanapofunguka, na matunda yakishatunga ondoa chandarua na ufunge uzi wa rangi kwenye vikonyo vyake. Mbegu za matunda hayo yenye uzi ndizo za kuweka.